Sikio la prodyuza likianza kugoma: tafuta chanzo kabla hujapandisha sauti

Prodyuza akianza kusikia vibaya, mkono wake unakimbilia kwenye kitufe cha sauti. DJ anafanya hivyo hivyo, na mwanakwaya mwenye eafoni ndani ya daladala la Buhongwa, Mwanza, naye hivyo hivyo. Sauti ikipanda, shida inaonekana imepungua. Kesho yake inarudi, na safari hii inadai sauti kubwa zaidi ya jana. Kwa sababu hiyo nimeupanga mwongozo huu kwa dalili: tafuta ile uliyonayo, soma vyanzo vyake, jipime, ndipo ushike kitufe.

Kwa dalili yoyote ile, anza na maswali matatu. Ni sikio moja au yote mawili? Ilianza ghafla au imekuja taratibu? Ukilala ukaamka, imepungua au iko vile vile? Daktari wa masikio atakuuliza hayo hayo, na majibu yake yanatenganisha nta na kelele, na kelele na dharura.

Utahitaji pia kipimo cha kelele kwenye simu. Kwa wenye iPhone kuna programu ya bure ya NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya kazini. Kwa Android zipo nyingi, ila usahihi wake unategemea maiki ya simu yako, kwa hiyo zichukue kama makadirio. Chagua kipimo cha A, kile kinachoandikwa dBA, kisha weka simu pale kichwa chako kinapokuwa wakati wa kazi. Ukiiweka mezani karibu na spika utapata namba ya meza.

Namba za kushika kichwani

Kikomo cha NIOSH ni desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8 kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti inakuwa maradufu, hivyo muda unakatwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 97 ni dakika 30, na 100 ni dakika 15. Desibeli 3 ni tofauti ndogo sana kwa msikilizaji. Huwezi kuhisi kwamba muda wako umekatwa nusu, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Kwa wanaosikiliza kwa simu, Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na 75 kwa mtoto.

Sasa piga hesabu ya sherehe. Uko ukumbini unapiga muziki, na pale unaposimama simu inasoma 100. Umeanza saa 1 jioni, umemaliza saa 6 usiku. Hizo ni dakika 300, wakati kikomo chako kilikuwa 15. Kwa usiku mmoja sikio limebebeshwa mzigo wa siku 20. Jumamosi ijayo kuna sherehe nyingine Igoma, na Jumapili asubuhi kuna ibada yenye spika za ukumbi mzima.

Dalili: masikio yanalia baada ya kazi

Hii ndiyo dalili inayoletwa na wengi, na ndiyo inayopuuzwa na wengi. Umefika nyumbani, umezima taa, mlio mwembamba unaanza. Asubuhi haupo. Unajiambia kimepita.

Chanzo cha kawaida ni sauti kubwa kupita muda wake. Ndani kabisa ya sikio kuna koklea, mrija mdogo uliojiviringa, wenye seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo. Kazi ya seli hizo ni kugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara ya kwenda kwenye ubongo. Zikichoshwa, zinapumzika na kurudi. Kwa kawaida inachukua saa kadhaa hadi siku moja au mbili. Zikifa, hakuna nyingine zinazoota. Ndege wanaweza kuziotesha upya, sisi binadamu hatuwezi.

Kupona kwa asubuhi nako kuna mtego wake. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Marekani, Sharon Kujawa na Charles Liberman, walichapisha matokeo ya panya waliopigiwa kelele kwa saa 2. Usikivu wao ulipimwa baadaye ukaonekana umerudi kama zamani, lakini viungo vingi vinavyounganisha seli za sikio na mshipa wa fahamu vilikuwa vimepotea moja kwa moja. Panya si mtu, na kwa binadamu jambo hili bado linachunguzwa. Hata hivyo mimi binafsi, tangu nilijue, siuiti tena mlio wa usiku mmoja kitu kidogo.

La kufanya: kama mlio uko masikio yote mawili, ulianza baada ya kazi na unapungua, lipe sikio mapumziko ya kweli. Siku inayofuata usivae hedifoni, usikae karibu na jenereta, usiende kusikiliza bendi. Usilale kwenye ukimya mtupu kama mlio unakusumbua. Feni ya taratibu au redio ya chini inaupunguzia nguvu. Kisha rudi kwenye kipimo chako ujue desibeli ngapi zilikufikisha hapo, maana kazi inayofuata ukiifanya vile vile mlio utarudi.

Nenda hospitali kama mlio umepita siku mbili bila kupungua, kama uko sikio moja tu, kama unadunda pamoja na mapigo ya moyo, au kama umekuja na kizunguzungu. Na kama ni wa kudumu, usinunue dawa ya matone kwa muuzaji anayekuahidi kuufuta. Hakuna dawa ya namna hiyo iliyothibitika. Kuna mafunzo ya kuuzoesha ubongo uache kuusikiliza, na hayo yanasaidia wengi kulala na kufanya kazi.

Ukiwa na mlio, chunguza na dawa unazotumia. Kwinini inaweza kuleta mlio masikioni, na huku kwetu kanda ya ziwa malaria si ugeni. Aspirini kwa dozi kubwa nayo hivyo hivyo. Sindano za gentamaisini na zile za jamii yake, zikiwemo baadhi zilizotumika kwa kifua kikuu, zinaweza kuua seli za koklea moja kwa moja. Usiache dawa uliyoandikiwa. Mwambie daktari kwamba kazi yako ni muziki na kwamba masikio yameanza kulia, aamue yeye.

Dalili: masikio kama yameziba, sauti zinakuja kwa mbali

Hapa vyanzo ni vingi na wengi hukosea. Inaweza kuwa uchovu wa sikio baada ya sauti kubwa, na huo huja na mlio. Inaweza kuwa nta. Inaweza kuwa mafua yaliyoziba njia ya hewa kati ya koo na sikio, hasa kama ukimeza mate unasikia kitu kinabofya. Inaweza kuwa maji ya ziwani yaliyobaki baada ya kuogelea, au fangasi waliofuata unyevu huo. Fangasi hukupa muwasho mkubwa, na maambukizi ya njia ya sikio hukupa maumivu ukivuta sikio au ukibonyeza kile kinundu cha mbele ya tundu.

Kama ni sikio moja, jipime hivi. Funga mdomo, vuma kwa sauti ya chini kama unatafuta noti ya kuanzia wimbo: mmmm. Sikiliza sauti yako inakaa upande gani. Ikiegemea kwenye sikio lililoziba, chanzo kinaelekea kuwa nje au katikati ya sikio: nta, maji, mafua. Ikiegemea kwenye sikio lisiloziba, chanzo kinaelekea kuwa ndani, kwenye koklea au mshipa wake. Jaribu sasa hivi kwa kuziba sikio moja na kidole. Utasikia mvumo unahamia upande uliouziba. Kipimo hiki hakikupi jibu la mwisho, lakini kinakuambia kama unaweza kusubiri Jumatatu au la.

Nta haitolewi kwa kijiti cha pamba, wala unyoya wa kuku, wala njiti ya kiberiti, wala ufunguo wa pikipiki. Vyote vinaisukuma ndani, na nimewaona watu wazima wakifanya hivyo kijiweni bila wasiwasi wowote. Wanaovaa eafoni za kuchomeka kutwa nzima nta yao hurundikana haraka, maana mlango wake wa kutokea umezibwa. Kama sikio halijawahi kutoboka, halitoi usaha na haliumi, matone machache ya mafuta ya zeituni kwa siku kadhaa hulainisha, na nyingine hutoka yenyewe. Isipotoka, mwachie muuguzi au daktari mwenye kifaa cha kuonea ndani.

Usaha ukitoka, eafoni zipumzike na maji yasiingie mpaka utibiwe. Na usiazime eafoni za mtu studio. Kama ni lazima, futa kwa spiriti kwanza.

Dalili: sikio moja limezima ghafla

Umeamka asubuhi, au uko katikati ya miksi, upande mmoja umekufa. Kwanza geuza hedifoni: ya kushoto ivae kulia. Upande uliokufa ukihama, ni waya au jeki, pumua. Upande uliokufa ukibaki kwenye sikio lile lile, vuma kama nilivyoeleza. Mvumo ukienda kwenye sikio linalosikia vizuri, acha kazi uende hospitali leo.

Upotevu wa ghafla wa usikivu unatibika vizuri zaidi ukiwahiwa. Dawa za steroidi zinazotumika hutakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, vizuri ndani ya siku 3, na baada ya wiki mbili matumaini hupungua sana. Tatizo ni kwamba haliumi. Mtu anadhani ni nta, anaweka mafuta wiki nzima, anasubiri mwisho wa mwezi. Mapokezi sema wazi: sikio moja limezima ghafla, tangu saa fulani. Ukiwa Ukerewe au Sengerema usingoje ratiba ya safari ya mjini ndipo uanze kutafuta daktari. Anza na hospitali iliyo karibu, wao watakupa rufaa.

Dalili: miksi yako inachoma, au haina besi, na studio ilikuwa sawa

Hapa nataka tukae, kwa sababu prodyuza wengi hugundua sikio limechoka kupitia kazi yao kabla hawajahisi chochote sikioni. Saa 8 usiku biti ilikuwa tamu. Asubuhi unaipiga kwenye gari, haiheti zinakata, sauti ya msanii inatoboa, na besi haipo.

Chanzo cha kwanza ni uchovu wa sikio. Kelele huliumiza sikio zaidi kwenye masafa ya hezi 3,000 hadi 6,000 (hezi ni idadi ya mitikisiko ya sauti kwa sekunde), na hapo ndipo penye uwazi wa sauti ya mwimbaji, mlio wa sneya na makali ya gitaa. Sikio likichoka hapo, unaona miksi imefifia, unaongeza hapo hapo kwa ikwalaiza, kile cha kupandisha na kushusha masafa. Saa mbili baadaye limechoka zaidi, unaongeza tena. Hukosei kwa kukosa ujuzi. Unasahihisha kasoro iliyo kichwani mwako na kuiandika kwenye wimbo wa mtu.

Chanzo cha pili kipo hata kwa sikio zima. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, wa maabara za Bell, walionyesha kwamba binadamu hasikii masafa yote sawasawa, na kwamba tofauti hiyo hubadilika na ukubwa wa sauti. Sauti ikiwa ndogo, besi hupotea kwanza. Ikiwa kubwa, besi hujaa. Kwa hiyo anayemiksi kwa sauti kubwa anaona besi inatosha au inazidi, anaipunguza. Wimbo ukipigwa kwa sauti ya kawaida nyumbani kwa mtu unakuwa mkavu. Anayemiksi kwa sauti ndogo mno anakosea kinyume chake.

Chanzo cha tatu ni chumba. Studio nyingi za mitaani kwetu ni chumba kimoja cha kupanga, kuta za tofali, meza imesogezwa ukutani. Chumba cha namna hiyo kinaongeza baadhi ya noti za besi na kumeza nyingine. Simama, tembea polepole kutoka meza hadi mlangoni huku besi ikipiga noti moja ndefu. Utasikia inapotea na kurudi. Kama kiti chako kiko mahali inapopotea, hata sikio la mtoto mchanga lisingekusaidia. Sogeza kiti na spika kabla hujagusa kitu kingine.

Namna ya kujua ni kipi kati ya hivyo: pumzisha masikio usiku kucha, asubuhi weka wimbo unaoujua vizuri, uliomasitiwa vizuri (yaani sauti yake imekamilishwa tayari kutolewa), sambamba na miksi yako, yote kwa sauti sawa. Wimbo ule nao ukisikika ajabu, shida ni chumba au spika. Ukisikika sawa, ila miksi yako ndiyo inachoma, ulimiksi ukiwa umechoka. Na kama wimbo ule unasikika umefifia kila siku, hata baada ya mapumziko, wakati wenzako wanausikia uko sawa, nenda ukapimwe usikivu.

Sauti ya kufanyia kazi nayo ipange mara moja tu. Piga sehemu nzito ya wimbo, shika simu usawa wa kichwa, zungusha kitufe mpaka kipimo kisome kati ya 73 na 76. Kwa chumba kidogo inatosha kabisa. Bandika kipande cha selotepu pembeni ya kitufe na uchore mstari wa kalamu pale mshale ulipo. Kuanzia hapo mstari ndio unaoamua. Ukitaka kusikia besi inavyosukuma, panda juu kwa dakika moja, kisha rudi kwenye mstari. Ukitaka kujua kama maneno ya msanii yanasikika, shuka mpaka ukaribie kunong'ona. Kilichobaki kinasikika hapo ndicho kilichotangulia kwenye miksi.

Msanii atakuja na marafiki zake wanne, watataka kusikia wimbo "kwa nguvu". Wape mara moja, mwishoni, wewe ukiwa nje ya mlango. Wao wanasikia wimbo mmoja, wewe umebakiza nyimbo tano wiki hiyo.

Na umeme ukikatika, jenereta likiwashwa dirishani, usimiksi kwa hedifoni ukishindana nalo. Hapo ndipo sauti inapopanda bila mtu kuona. Rekebisha mambo yasiyohitaji sikio: panga faili, kata sauti za pumzi za mwimbaji, andika majina ya njia za sauti.

Dalili: hedifoni hazitoshi tena

Mwezi uliopita kitufe kilikuwa nusu, sasa kiko robo tatu. Kabla ya kulaumu sikio, angalia sponji za hedifoni. Zikichakaa hazikai vizuri, besi inavuja na kelele ya nje inaingia. Angalia kama umehamia mahali penye kelele zaidi. Kwenye kivuko cha Kamanga karibu na injini, au ndani ya daladala lenye redio yake, mtu hupandisha simu mpaka izidi kelele iliyopo, na kelele iliyopo yenyewe tayari ni kubwa. Hedifoni zinazofunika sikio lote, au zenye kuzima kelele za nje, zinakuwezesha kusikiliza chini. Eafoni za bei ndogo zisizoziba ndizo zinazokusukuma juu.

Kama sponji ni nzima na chumba ni kile kile, sikio ndilo lililobadilika. Usiendelee kupanda.

Dalili: unasikia watu wanaongea, maneno huyapati

Uko Mwaloni Kirumba kwenye dagaa, au Makoroboi, mwenzako anaongea, sauti unaisikia vizuri ila unauliza "nini?" kila sentensi. Irabu za Kiswahili zina nguvu na ziko masafa ya chini; s, f, t, k na sh ziko juu, na ni dhaifu. Sikio lililoumizwa na kelele linapoteza hizo kwanza. Kisu na kitu vinakuwa neno moja, saa na taa vivyo hivyo. Chumbani kimya ubongo unajazia, sokoni unashindwa.

Kwenye kipimo cha usikivu jambo hili huonekana kama shimo karibu na hezi 4,000, huku masafa mengine yakiwa mazima. Ni wavu uliotoboka sehemu moja: unaendelea kuvua, kwa hiyo hujui, mpaka uanze kuhesabu wanaopita. Hakuna dawa ya kulirudisha shimo hilo, lakini ukilijua mapema unalizuia lisipanuke, na unajua ni masafa gani usiyaamini kwa sikio lako peke yake. Hapo tumia kionyeshi cha masafa kwenye programu yako, na mwombe mtu mwenye masikio mazima asikilize kabla hujamasita.

Ukiwa na miaka 40 na husikii hezi 16,000, usihangaike. Hiyo ni umri, na muziki mwingi hauishi huko.

Dalili: sauti za kawaida zinauma, au noti moja unaisikia mbili

Sahani zikigongana unashtuka, mtoto akicheka unaziba masikio. Au sikio la kulia linasikia noti juu kidogo kuliko la kushoto, na mwimbaji anaambiwa yuko nje ya tyuni wakati anajisikia yuko ndani. Zote mbili ni dalili za sikio la ndani kuumia. Punguza kazi za kelele, muone daktari. Usikae na vizibo masikioni kutwa kwa kuogopa kelele za kawaida, sikio likizoea ukimya linazidi kuogopa.

Jukwaani na mitaani

DJ: spika ya monita ikikupigia usoni, unapandisha hedifoni ili uishinde. Shusha monita kwanza, hedifoni itashuka yenyewe. Usisimame kati ya sabufa. Nje penye uwazi, ukiongeza umbali mara mbili unapunguza karibu desibeli 6. Ndani ya ukumbi unapungukiwa kidogo kuliko hapo, lakini unapungukiwa.

Fundi mitambo: zima njia ya sauti (chaneli) kabla ya kuchomeka maiki. Ule mlipuko wa jeki na ule mluzi wa maiki iliyokaribia spika unaweza kufanya kwa sekunde moja kile ambacho muziki ungefanya kwa saa. Weka limita, kizuizi cha sauti isipite kiwango, kwenye njia ya hedifoni za waimbaji.

Kwaya: mstari wa mbele usipangwe mbele ya mdomo wa spika. Nashangaa bado tunawaweka watoto hapo kwa sababu ni wafupi.

Wapiga ngoma, iwe dramu za kanisani au ngoma za mashindano ya Bulabo, sikukuu ya Wasukuma, pale Bujora, wana sauti iliyo karibu kuliko ya mtu mwingine yeyote, na haina kitufe cha kushusha. Kwao vizibo ni sehemu ya ala.

Walio kwenye gari la matangazo, nyuma, chini ya spika za honi: hao ndio ninaowahurumia zaidi. Honi hukazia sauti karibu na yale masafa ambayo sikio huumia upesi. Zielekezwe mbele, nyinyi mkae nyuma yake, na jenereta lisogezwe mbali.

Vizibo

Pamba haizuii kitu cha maana. Vizibo vya sponji vya viwandani, vile vinavyouzwa na wauzaji wa vifaa vya usalama kazini, ni bei ndogo na vinapunguza sana, ila vinakata zaidi sauti za juu na muziki unakuwa wa kuzama. Vinawafaa wapiga ngoma na watu wa jenereta. Vya wanamuziki, vyenye kichujio ndani, hupunguza masafa yote karibu sawa, mara nyingi kwa desibeli 15 hadi 20. Kama kweli vinapunguza 15, ile sherehe ya 100 inakuwa 85, na muda wako unatoka dakika 15 hadi saa 8.

Lakini lazima vikae. Nawa mikono. Kisokote kizibo cha sponji kati ya vidole mpaka kiwe chembamba, bila mikunjo. Pitisha mkono mwingine juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, kisha shikilia kwa kidole mpaka uhesabu polepole hadi 30 wakati kinafura. Ukijitazama kwenye kioo ukaona kizibo chote kiko nje, hakijaingia. Ukiongea na sauti yako ikakusikika nzito kichwani, kimekaa.

Kupimwa

Hospitali ya Bugando, Mwanza, kuna kitengo cha masikio, pua na koo. Ukienda, nenda baada ya siku mbili za ukimya, la sivyo watapima uchovu wa jana. Omba wapime mpaka hezi 8,000, na hezi 3,000 na 6,000 zisirukwe. Waeleze kazi yako, saa zako za kelele kwa wiki, dawa ulizotumia, na lini dalili ilianza. Omba nakala ya karatasi yenye mchoro, iandike tarehe, uihifadhi pamoja na picha yake kwenye simu. Ukipima tena mwaka unaofuata, ziweke pembeni kwa pembeni. Ukiona mstari umeshuka kwa desibeli 10 au zaidi kwenye 3,000, 4,000 au 6,000, mrudie daktari na karatasi zote mbili, na shusha ule mstari wa kalamu kwenye kitufe siku hiyo hiyo.